Tuache kuwalaumu watoto: kadi haikujiweka yenyewe kwenye gemu



Kuna neno ambalo nimechoka kulisikia kila mzazi anapolalamika kwamba kadi yake imekatwa pesa na gemu ya mtoto: "Si ungemchunga mwanao!" Linasemwa na watu wa huduma kwa wateja, linasemwa na mashabiki wa gemu, na kibaya zaidi linasemwa na sisi watengenezaji programu, tena kwa kucheka. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na nimeunganisha mifumo ya malipo zaidi ya mmoja. Kwa hiyo naomba niseme waziwazi: mara nyingi kosa haliko kwa mtoto wala kwa mzazi. Liko ndani ya programu, na liko pale kwa sababu mtu fulani alikaa mbele ya kompyuta akaamua liwe pale.

Naandika kutoka Mackinnon Road. Kwa msioijua, ni mji mdogo wa Kwale ulio kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, pale madereva wanaposimama kuswali kwenye msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali, kando ya reli ya zamani. Kina baba wengi hapa wako safarini siku nyingi kuliko walizo nyumbani. Simu kubwa nyumbani huwa ni moja tu: mama anapiga nayo, mkubwa anafanyia kazi za shule, na magharibi ikifika wadogo wanagombania gemu. Simu ikiwa na shida, naletewa mimi.

Mwaka jana jirani yangu mmoja, dereva wa lori, alinipigia akiwa Malaba. "Mwanangu, hebu niangalilie, nafikiri nimeibiwa." Benki ilikuwa inamtumia meseji moja baada ya nyingine: dola 4.99, tena dola 4.99, tena dola 4.99. Zilifika kumi na nne, karibu shilingi 9,000 kwa jumla. Kwa nyumba yake hiyo ni karo na unga.

Hakuibiwa. Miezi kadhaa nyuma kijana wake mkubwa aliweka kadi ya baba kwenye akaunti ya ile simu ya nyumbani, kwa ruhusa ya baba mwenyewe, ili walipie nafasi ya kuhifadhi picha. Mdogo wake wa miaka tisa hakuweka kadi yoyote mahali popote. Aliona almasi kwenye gemu, akabonyeza, almasi zikaja. Akabonyeza tena.

Sasa swali la kiufundi: simu ililipaje bila kumuuliza mtu?

Iko hivi. Ukiandika namba za kadi mara ya kwanza, duka la programu halibaki linazitumia zile namba kila siku. Linapeleka kwenye mfumo wa malipo, linarudishiwa tokeni, yaani namba mbadala inayosimama mahali pa kadi yako. Tokeni ile hukaa kwenye akaunti. Kwa upande wa wezi ni jambo zuri, maana mtu akiiba tokeni hawezi kwenda kununua nayo dukani kwingine. Lakini tokeni haijui ulikubali nini. Wewe ulifikiri umelipia picha, yeye anajua tu kwamba akaunti hii ina kadi. Picha, filamu, almasi za gemu, vyote vinauzwa na duka moja, na vyote vinapita mlango mmoja.

Utaniuliza: na ile namba ya uthibitisho ambayo benki hutuma kwa meseji? Mara nyingi huombwa siku ile ya kwanza ya kuweka kadi, na baada ya hapo inategemea muuzaji kama ataomba tena au hataomba. Hata akiomba, fikiria nyumba yenye simu moja. Namba inaingia kwenye simu ileile ambayo mtoto ameishika! Ulinzi wa aina hiyo ulibuniwa na watu wanaodhani kila mtu ana simu yake mfukoni.

Linganisha na M-Pesa. Tangu Machi 2007 ilipoanza, ukituma pesa lazima uingize namba ya siri, kila mara, hata ukituma shilingi hamsini. Watu wamelalamika kwamba inachosha. Ndiyo, inachosha, na ndiyo maana mtoto hawezi kuitumia kwa bahati mbaya. Anaweza kukuibia namba kwa kuchungulia, sikatai, lakini hapo atakuwa anajua anachofanya. Kununua almasi kumi na nne huku ukidhani unacheza tu ni jambo jingine kabisa.

Nalisema hili kwa sababu sasa hizi dunia mbili zimekutana. Juni 2022 Safaricom na Visa walileta kadi ya M-Pesa GlobalPay, isiyo na plastiki, inayolipa mtandaoni moja kwa moja kutoka salio la M-Pesa. Ni kitu kizuri, nami mwenyewe huitumia kulipia seva. Lakini maana yake ni kwamba mkulima wa Kinango au mvuvi wa Msambweni ambaye hajawahi kukanyaga benki anaweza leo kuwa na namba za kadi, na namba za kadi zina desturi zake, ambazo si desturi za M-Pesa.

Wala tusijidanganye kwamba haya ni mageni. Marekani wameshayapitia, na yote yako kwenye kumbukumbu za umma.

Mwaka 2014, FTC, yaani tume ya serikali ya Marekani inayolinda wateja, iliibana Apple kwa sababu ukishaingiza neno la siri kununua kitu kimoja, lilibaki wazi kwa dakika 15, na ndani ya dakika hizo mtoto aliweza kununua vingine bila kuulizwa. Apple wakakubali kurudisha angalau dola milioni 32.5. Mwaka huohuo Google wakakubali kurudisha angalau dola milioni 19, wao dirisha lao lilikuwa dakika 30. Amazon walibisha wakaenda mahakamani, wakashindwa mwaka 2016, na mwaka 2017 wakaanza kurejesha pesa. Malipo yaliyoweza kurudishwa yalizidi dola milioni 70.

Halafu ikaja Fortnite. Desemba 2022 kampuni ya Epic Games ilikubali kulipa dola milioni 520 kwa mashtaka mawili: milioni 275 kwa kukusanya habari za watoto, na milioni 245 za kurudishia wateja. FTC ilieleza jinsi vitufe vilivyopangwa: mchezaji aliweza kukatwa pesa wakati anaiamsha gemu iliyolala, au wakati gemu inapakia, au akijaribu tu kutazama kitu kabla ya kukinunua. Malalamiko ya wateja yalipita milioni moja, na wafanyakazi wa ndani nao walionya. Waliobisha malipo kupitia benki zao walifungiwa akaunti pamoja na vyote walivyokwisha kuvinunua.

Lakini kisa kinachoniuma zaidi kama mtengenezaji programu ni cha Facebook. Januari 2019 zilifunguliwa nyaraka za kesi iliyofunguliwa mwaka 2012. Zilionyesha kwamba wafanyakazi walijua kabisa watoto wanatumia kadi za wazazi bila kuelewa kwamba ni pesa za kweli. Walilijaribu hata suluhisho: mtoto aombwe kuandika tarakimu sita za mwanzo za kadi kabla ya kununua. Suluhisho lilifanya kazi, malalamiko yakapungua. Halikupitishwa, kwa hofu ya kupunguza mapato.

Someni tena hapo. Haikuwa kwamba hawakujua namna ya kuzuia. Msimbo ulikuwepo, ulijaribiwa, ukawekwa kando. Baada ya hapo mtu aniambie mzazi ndiye mzembe?

Sasa wenzangu wa ufundi huniletea hoja mbili, na zote nitazijibu.

Ya kwanza: mipangilio ipo, mzazi aisome. Kweli ipo. Kwenye Google Play unaweza kuamuru uthibitisho uombwe kwa kila ununuzi, kuna Family Link ya kuidhinisha manunuzi ya mtoto, na kwenye iPhone mtoto anaweza kuomba ruhusa kabla ya kununua. Lakini ulinzi ambao mtu lazima autafute ndani ya menyu tano, tena kwa Kiingereza, si ulinzi kwa mama ambaye simu aliinunulia sokoni na kuwekewa akaunti na fundi. Watu wengi hawabadilishi kitu walichokikuta, na sisi tunaoandika programu tunalijua hilo kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo kile tunachokiweka mwanzoni ndicho tulichowachagulia.

Ya pili: kila hatua unayoongeza kwenye malipo inapunguza mauzo, na wasanifu wadogo wa Nairobi na Mombasa wataumia. Hoja hii naiheshimu, maana nami nalipwa na mauzo ya programu. Lakini tujiulize ni mauzo gani yanayopungua. Mtu mzima anayetaka kitu ataingiza namba ya siri, kama anavyofanya kila siku kwa muuza mboga. Mauzo yanayopotea kwa sababu ya swali moja tu ni yale ambayo mwenye pesa hakuyataka. Biashara inayosimama juu ya hayo isimame kwingine.

Na sheria zetu je? Si kwamba hatuna. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 inataka muuzaji wa mtandaoni ampe mteja nafasi ya wazi ya kukubali au kukataa, na ya kurekebisha makosa, kabla ya mkataba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, inataka ridhaa ya mzazi kabla ya kushughulikia habari za mtoto, na njia za kuhakiki umri. Ofisi ya Kamishna wa Data haijalala: Septemba 2023 iliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila ridhaa ya wazazi.

Tatizo ni ukubwa wa fimbo. Faini ya juu kabisa chini ya sheria ile ni shilingi milioni 5 au asilimia moja ya mapato ya mwaka, lile lililo dogo. Narudia, dogo! Milioni 5 haifiki hata dola 40,000. Shule ya Nairobi itailia. Kampuni iliyolipa dola milioni 520 haitaisikia. Na yale marejesho ya Marekani yalikuwa ya wateja wa Marekani. Gemu ni ileile, vitufe ni vilevile, lakini mtoto wa Mackinnon hayumo kwenye hesabu.

Basi tufanye nini?

Mzazi: kama kadi iko kwenye simu anayochezea mtoto, itoe leo, au weka uthibitisho wa kila ununuzi. Ukikatwa kupitia Google Play, wahi. Ndani ya saa 48 unaweza kuomba urudishiwe kwa njia ya kawaida, na kwa malipo ambayo hukuyaruhusu una siku 120 za kuripoti. Jirani yangu aliomba kwa njia hiyo na akarudishiwa sehemu kubwa, lakini ilibidi mtu mwingine amsaidie kujaza fomu, na si kila kijiji kina mtu wa kompyuta.

Benki na wenye kadi za simu: mteja apewe kitufe cha kuzima malipo ya gemu, na cha kuweka kikomo cha siku. Kuna haja gani ya meseji inayokuja baada ya pesa kutoka? Iulize kabla.

Wabunge: badilisheni neno "dogo" liwe "kubwa" kwenye kile kifungu cha faini. Ni neno moja tu.

Na sisi watengenezaji programu, ambao ndio hasa nawaandikia: ukipewa kazi ya kuunganisha malipo, uliza kadi hii inahifadhiwa kwa ajili ya nini, na ihifadhi kwa ajili hiyo tu. Andika bei kwa shilingi, si kwa almasi. Omba namba ya siri kila mara. Bosi akikwambia uondoe swali lile kwa sababu linapunguza mauzo, mwambie akuandikie kwa barua pepe. Nyaraka za Facebook zilikaa miaka kadhaa kabla ya kufunguliwa, lakini zilifunguliwa, na majina ya waliojadiliana yalikuwa humo.