Bustani Huanza kwa Kuungana

Chama cha 4K, kilichofufuliwa shuleni mwaka 2021, kimeibeba falsafa yake katika jina: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Nami, mwanaisimu, nausisitiza mpangilio wa vitenzi hivyo. Bustani nyingi za shule huanza na kufanya: jembe, mbegu na picha ya mgeni rasmi. Hapa Kitengela, penye mvua haba na udongo mweusi unaopasuka kiangazi, miche haiangamii kwa kukosa jembe. Huangamia shule zifungwapo Agosti, mwenye kuimwagilia asiwepo. Basi walimu na wanafunzi, kabla ya kupanda, unganeni na wazazi na majirani. Andikeni zamu za likizo. Kubalianeni nani atavuna. Sukumawiki ya wote isiyo na zamu huishia kwa mbuzi.