Enaji si chakula cha jioni

Siku hizi mtu akilalamika tumbo, kijiwe kizima kinajua dawa: aache enaji, yaani vinywaji vya kuongeza nguvu. Hukumu hiyo imetolewa haraka mno. Vidonda vya tumbo, kwa sehemu kubwa, husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walitunukiwa Nobeli ya tiba mwaka 2005 kwa kumgundua, au na dawa za maumivu za aina ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Hata uchachu wa vinywaji hivi, unaotajwa kwa hofu kubwa, haufikii ukali wa asidi ambayo tumbo hujitengenezea lenyewe. Hata hivyo, siviondolei lawama vinywaji hivyo. Nasema tu kwamba madhara yake kwa tumbo yanategemea sana hali tunayovinywea, yaani bila kula, na mara nyingi badala ya kula.

Kopo la mililita 250 aghalabu lina miligramu 80 hivi za kafeini na takribani gramu 27 za sukari. Kafeini hulichochea tumbo kumwaga asidi, na huweza kulegeza msuli unaofunga njia kati ya umio na tumbo. Gesi nayo hulijaza tumbo na kusukuma vilivyomo kwenda juu, na hapo kiungulia huanza. Aliyekula ugali na maharage ana kitu tumboni cha kuipunguzia makali asidi hiyo. Dereva wa lori, mlinzi wa usiku au mwanachuo anayekesha na mtihani hana, kwa sababu kopo limeshaizima njaa yake. Mgongo ukimuuma anameza diklofenaki aliyouziwa bila kuulizwa kama amekula. Ikiwa tayari ana yule bakteria, na Afrika walio naye bila kujijua ni wengi, tumbo lake linashambuliwa kutoka pande tatu kwa wakati mmoja.

Wapo watakaosema kahawa ina kafeini hiyohiyo, pengine zaidi. Ni kweli, na kahawa nyeusi kwenye tumbo tupu humsumbua mwenye kiungulia vilevile. Lakini kahawa ya kijiweni ni chungu, ya moto, na hunywewa kidogokidogo kwa kashata. Kopo baridi lenye sukari humalizwa kwa mafunda machache, na la pili hufuata. Hoja nzito zaidi ni ya anayeuliza dereva afanye nini saa nane za usiku, mama lishe akiwa amelala. Huyo simlaumu. Namlaumu anayechapa kiwango cha kafeini kwa herufi za kutafutwa kwa tochi, na sheria inayomruhusu mtoto wa shule kununua. Lithuania ilipiga marufuku kuwauzia walio chini ya miaka 18 mwaka 2014, Latvia ikafuata 2016, Poland 2024.

Tena, kulitupia kopo lawama zote kuna hatari yake. Mgonjwa huacha enaji, akapata nafuu kidogo, akatafuna vidonge vya kutuliza asidi miezi kadhaa, ilhali bakteria yupo palepale. Kipimo cha kinyesi au cha pumzi humbaini, na dawa za wiki mbili kwa kawaida humwondoa. Anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami asingoje hata kipimo hicho. Aende hospitali siku hiyohiyo.