Bawabu wa Pili

Mama mkwe wangu alifariki mwaka 2019 akatuachia kaseti 12, ambazo tulimrekodi zamani akisimulia hadithi na kuwabembeleza wajukuu kwa nyimbo za kwao. Kijana wetu amezihamishia zote katika kompyuta kuukuu iliyoko sebuleni, akaweka na programu iitwayo Jellyfin, ambayo hupatikana bila malipo. Tangu siku hiyo kila aliyemo nyumbani huzisikiliza kwa simu yake.

Binti yetu, ambaye ni muuguzi huko Songea, alijifungua mwaka huu. Akapiga simu: “Baba, nataka mwanangu alale kwa sauti ya bibi.” Nikamwahidi kwamba Jumamosi ile ile atasikia. Ndugu msomaji, ahadi hiyo ilinigharimu Jumamosi tatu, na kwa kuwa najua si mimi peke yangu niliyekwama hapa, naona yafaa nieleze.

Ruta ni bawabu wa nyumba. Kila chombo kilichomo ndani hupewa anwani ya ndani, ambayo kwa kawaida huanza na 192.168, na huko nje anwani hiyo haijulikani kabisa. Dunia huiona nyumba nzima kwa anwani moja tu. Ombi likitoka ndani, bawabu humkumbuka aliyelituma, na jibu likirudi humkabidhi mwenyewe. Lakini ombi linaloanzia nje hana wa kumpa, basi hulitupa. Hapo hapana budi mwenye nyumba aandike katika ruta kwamba atakayebisha mlango namba 8096, ambao ndio wa Jellyfin, apelekwe kwenye kompyuta fulani. Milango hiyo mafundi huiita poti.

Tuliandika. Nikajaribu kwa simu yangu nikiwa nimeketi hapo hapo sebuleni, pakawa kimya. Kumbe ruta nyingi hazikubali mtu aliye ndani abishe mlango kwa anwani ya nje, kwa hiyo jaribio langu halikuwa na maana yoyote. Anayetaka kujaribu hana budi kuzima waifai ya nyumbani na kutumia bando la simu.

Nikatumia bando, kimya tena. Juma lile umeme ulikuwa umekatika, na ulipowaka ruta iligawa anwani upya, kompyuta ikapata namba nyingine. Amri yetu ilikuwa ikiwapeleka wageni kwenye televisheni! Dawa yake ni kuiagiza ruta iitengee kompyuta anwani moja isiyobadilika. Kisha tukakuta ulinzi uliomo ndani ya kompyuta yenyewe nao unakataa wageni; tukauruhusu mlango ule. Yote haya yalikuwa makosa ya kweli, na kila moja lilistahili kurekebishwa. Hata hivyo, Songea hapakusikika kitu.

Nikaipigia kampuni inayotuuzia intaneti. Kijana aliyepokea aliniagiza nizime ruta niiwashe. Nilizima na kuwasha mara nne, kwa mabawabu wanne tofauti wa simu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali moja ambalo lingemaliza kazi.

Swali lenyewe ni hili. Fungua ukurasa wa ruta, usome anwani inayodai kuwa ni yake ya nje. Kisha fungua tovuti yoyote ya kuonyesha anwani, uilinganishe. Namba zikiwa sawa, kosa limo nyumbani mwako, endelea kutafuta. Zikitofautiana, yupo bawabu wa pili. Pengine ni ruta yako nyingine uliyoisahau. Lakini anwani ikianza na 100.64 hadi 100.127, kama yangu, bawabu huyo yuko kwenye kampuni, na huna ruhusa ya kumwandikia amri yoyote. Namba hizo zilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa. Sababu ni uhaba: anwani za aina ya zamani ni kama bilioni 4.3 tu, na ghala kuu la dunia lilikauka Februari 2011. AFRINIC, chombo chenye makao yake Mauritius kinachogawa anwani kwa Afrika, nacho kimo katika mgao wa mwisho tangu Januari 2020. Ndiyo maana kampuni huziweka nyumba nyingi nyuma ya anwani moja. Siwalaumu kwa hilo. Nawalaumu kwa kutoniambia.

Waweza kuiomba kampuni ikupe anwani yako mwenyewe. Baadhi huiuza kwa ada ya mwezi. Sisi tulichagua njia nyingine, iitwayo Tailscale. Kompyuta ya nyumbani na simu ya Songea zote hutoka nje zenyewe na kukutanishwa huko, kwa maneno yaliyofichwa kwa ufunguo, hivyo hakuna mlango wa kufunguliwa hata mmoja. Kijana wangu alikuwa ameitaja njia hii tangu Jumamosi ya kwanza. Nilimwambia asinifundishe kazi.

Tena ni salama zaidi. Mlango ulioachwa wazi hubishwa usiku na mchana na watu usiowajua, na programu isiyosasishwa ni hatari: mwaka 2022 wezi waliingia katika kompyuta ya nyumbani ya mhandisi wa kampuni ya LastPass kwa kupitia programu ya aina hii, wakafika hadi kwenye hazina ya kampuni. Nasi tulipopata njia ya Tailscale, tulirudi kwenye ruta tukaifuta ile amri ya 8096.

Jumamosi ya tatu, saa mbili usiku, binti alipiga simu. Mtoto alilala kabla wimbo haujafika nusu. Mama yake akaendelea kusikiliza hadi kaseti ya tano, sasa anaulizia ya saba, ambayo utepe wake umekatika na kijana wetu bado anauunga.