Bilauri Mbili za Kiungulia

Hivi karibuni nilikuwa Soweto, pale Moshi, kwa shoga yangu mwenye mimba ya miezi saba. Kiungulia kinamtesa, usiku ndiyo balaa. Mezani kwake nikakuta bilauri mbili: moja ya mumewe, nyingine ya mama mkwe. Anywe ipi bila kuudhi mtu?

Ya mume ilikuwa Ambo, kaja nayo kutoka safari ya Addis Ababa. Maji haya hutoka ardhini na gesi yake mwenyewe. Mji wa Ambo uko kama kilometa 120 magharibi mwa Addis, na maji yake yanatiwa kwenye chupa tangu 1930. Waethiopia huyanywa baada ya mlo mzito ili tumbo litulie, na wapo wanaokwenda hukohuko kuoga maji ya moto kwa ajili ya afya.

Mama mkwe, mama wa Machame, yeye alikoroga magadi. Yale yale ya kulainishia maharage.

Kusema kweli wote wana sababu, maana Ambo na magadi vyote vina baikaboneti, inayopunguza asidi tumboni. Ila gesi nayo hujaza tumbo. Ukibeua, asidi inapanda. Bilauri moja ya Ambo si kesi, lakini si tiba.

Magadi ndiyo yaliyonitia wasiwasi. Yana sodiamu nyingi, haimfai mjamzito, hasa mwenye presha. Halafu kuna floraidi. Si unayajua meno ya kahawia ya huku kwetu? Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita ya maji, na vyanzo kadhaa kuzunguka Meru na Kilimanjaro vimevuka hapo. Kuchemsha hakuiondoi. Magadi yanaweza kuongeza nyingine, na kesho mtoto atakula chungu kimoja nanyi, wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka!

Nikamshauri ale kidogo kidogo, asilale mara baada ya kula, ainue mto, na amwambie nesi wa kliniki ampatie dawa salama.

Na mkwe je? Mkamwana akikataa bilauri ile, kitaitwa kiburi. Nikamgeukia mume: "Shemeji, hili ni lako."

Akajikuna kichwa, akaichukua bilauri ya magadi, akaelekea jikoni. Tukamsikia: "Mama, naomba tuongee kidogo."