RPG gani inastahili usiku wako? (na jinsi nilivyomuua Toriel)

Najua nimepotea, karibu mwezi mzima sijaandika kitu, na wengine mmeanza kunitania kwamba nimeoa kimyakimya. Sijaoa. Nilikuwa na mambo mawili tu, sapu na gemu, na kwa bahati mbaya hayo mambo mawili yana undugu kama mtakavyoona huko mbele.

Juzi umeme ulikatika hosteli, upepo wa Singida ule mnaoujua unapiga madirisha, hakuna cha kufanya zaidi ya kubishana. Rumeti wangu (yule mrefu wa Manyoni) akasema RPG zote ni kitu kimoja: unaua panya, unapata pointi, unapanda levo, halafu unaletewa panya mkubwa zaidi. Akasema heri mpira, mechi ikiisha imeisha, kila mtu akalale. Nikamwambia nakataa. Akasema kama unakataa kaandike huko kwako unakoandikaga. Haya, ndio naandika.

Kwa wasiojua, RPG ni gemu za kuvaa uhusika. Unakuwa mtu fulani ndani ya hadithi, unaongea na watu, unachagua njia, unapigana, unakua. Huku kwetu hazina wenyewe sana. Nenda kibanda chochote cha PlayStation hapa mjini, utakuta mpira tu, FIFA (siku hizi inaitwa EA FC) na PES za zamani, na kelele hadi barabarani. Sababu mimi naijua, na siyo kwamba watu hawapendi hadithi. Kibandani unalipia dakika. RPG inataka saa thelathini, nani ana hela hiyo?

Nilijaribu lakini! Nikiwa darasa la sita, kibanda cha mtaani kwetu kilikuwa na PS2 na sidii moja ambayo hakuna aliyekuwa anaigusa, Final Fantasy X ya mwaka 2001. Nikaiweka. Kiingereza sielewi, kijana mmoja mwenye nywele za manjano anatembea mjini, nikajua tu kuna kitu kikubwa kinakuja. Siku tatu mfululizo hela ya maandazi iliishia pale. Siku ya nne nafika, kumbe kuna jamaa kafuta faili langu kwenye memori kadi apate nafasi ya kusevu ligi yake ya mpira. Nililia wadau, sioni aibu kusema. Mwenye kibanda alinicheka hadi akanipa dakika kumi za bure.

Sasa turudi kwenye ubishi. Mimi nasoma uhasibu, kwa hiyo namba sizichukii. Lakini mwaka jana namba zilinipeleka pabaya. Kuna gemu moja ya simu, jina nalihifadhi, inajiita RPG. Kila siku ukiingia unapewa zawadi, usipoingia unapoteza. Una jeshi la mashujaa, kila mmoja ana nyota, na nyota zikipungua unanunua almasi. Ile gemu haina mwisho. Hadithi iko pale kama karatasi ya kufungia maandazi, unairuka ufike kwenye mapambano, na mapambano yenyewe yanajicheza, wewe unaangalia namba zinapanda. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri kukusanya zawadi. Bumu lilipochelewa mama alinitumia elfu arobaini ya kutoa kopi za madesa. Mama anauza mafuta ya alizeti pembeni ya barabara kuu ya Dodoma, zile galoni mnazoziona mkipita na basi. Nawaachia mpige hesabu ni galoni ngapi. Ile hela niliinunulia almasi kwa siku mbili.

Matokeo yalipotoka nilikuwa na sapu ya Takwimu. Shujaa wangu alikuwa na nyota saba.

Nikaifuta. Nikakaa wiki nzima sichezi kitu. Ndipo mshkaji mmoja wa mwaka wa tatu akanipa flashi (msiniulize ilikotoka) akasema cheza hii, ni ndogo, hata laptopu yako mbovu itaibeba. Gemu inaitwa Undertale. Ilitoka mwaka 2015, imetengenezwa karibu yote na mtu mmoja, Toby Fox, Mmarekani, pamoja na muziki. Picha zake ukiziona utacheka, kama gemu za miaka ya themanini.

Unakuwa mtoto aliyetumbukia chini ya ardhi kwenye nchi ya mazimwi. Wa kwanza kukupokea vizuri ni Toriel, zimwi jike lenye sura ya mbuzi. Anakushika mkono, anakuonyesha njia, anakuokea pai, anakupa chumba cha kulala. Yaani mama kabisa. Shida ni kwamba hataki uondoke, anaogopa huko nje utauawa. Ukitaka kutoka lazima mpambane naye mlangoni. Nikajaribu kuongea naye, haisaidii. Nikajaribu mara mbili tatu kumsamehe, kimya. Nikasema basi, nitampunguza nguvu kwanza halafu nimsamehe, si ndivyo gemu zote zilivyo? Nikapiga, nikapiga, pigo la mwisho likawa kubwa kuliko nilivyotegemea. Akafa. Akafa huku ananiaga vizuri!

Nilikaa naangalia kioo. Kisha nikafanya kile ambacho wote tungefanya, nikazima bila kusevu, nikawasha tena, nikarudi mlangoni. Safari hii nikamsamehe, nikamsamehe, nikamsamehe bila kuchoka, hadi mwenyewe akashusha mikono. Kumbe kilichohitajika ni uvumilivu tu. Akanikumbatia nikatoka. Nikapumua.

Hatua chache mbele kuna ua moja linaongea, linaitwa Flowey, ndilo baya kuliko wote. Likaniambia linajua nilichofanya. Linajua nilimuua, na kwamba nilirudi nyuma kwa sababu nilijuta.

Wadau, nywele zilinisimama. Saa nane usiku, rumeti anakoroma, na gemu inaniambia imeniona. Tangu niguse gemu ya kwanza maishani, kusevu na kurudi nyuma ndiyo ilikuwa siri yangu na mashine. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Na ikaendelea. Kwenye RPG nyingi kuna EXP na LV, na kila mtu anajua ni uzoefu na levo. Karibu na mwisho wa Undertale unaambiwa pale EXP maana yake ni hesabu ya mauaji, na LV ni kipimo cha ukatili wako, jinsi unavyozidi kuwa mwepesi wa kuumiza wengine. Unaweza kuimaliza gemu yote bila kuua hata mmoja, ukabaki levo moja mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo zile namba anazozisema rumeti zipo, ila mtu kakaa akazigeuza ziwe swali. Wewe unaziongeza za nini?

Nilivyomsimulia rumeti akasema hayo ni mambo ya gemu moja tu, RPG asili yake ni namba. Hapo nakubali nusu. Ukifuata historia, mwaka 1974 huko Marekani Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani, na waliutoa kwenye michezo ya vita ya kupanga wanajeshi wadogo, kwa hiyo dadu na majedwali vilikuwepo tangu siku ya kwanza. Kompyuta zilipokuja, mwaka 1981 zikatoka Wizardry na Ultima, mwaka 1986 Wajapani wakaleta Dragon Quest, zote zimechukua zile namba. Sawa kabisa. Lakini pale mezani kulikuwa na kitu kingine ambacho rumeti anakisahau, alikuwepo mtu. Kulikuwa na msimulizi mmoja anayeendesha mchezo, wewe ukisema namdanganya mlinzi, yeye anakujibu mlinzi kafanya nini, na wiki ijayo mlinzi bado anakumbuka. Kompyuta ilirithi dadu kwa urahisi, ile sehemu ya kujibu ndiyo ikawa ngumu.

Mimi msimulizi wa namna hiyo namjua. Bibi yangu kule Iramba alikuwa anatupa hadithi jioni tukipukuchua mahindi. Zilikuwa hazifanani siku mbili. Ukisema “bibi, mimi nisingefungua mlango kwa fisi”, anakuingiza mle mle ndani, anasema haya, hujafungua, fisi kaenda kwa jirani yako, kamla mbuzi wake, asubuhi jirani kaja na swali. Ukikaa kimya hadithi inakwenda bila wewe. Ukiropoka unalipa. Kama siku ile ulimnyima mdogo wako karanga, ujue kwenye hadithi kutakuwa na mtoto mchoyo, na jina lake litafanana na lako. Hahaha!

Hicho ndicho kipimo changu siku hizi. Nikipewa RPG siulizi ina ramani kubwa kiasi gani wala silaha ngapi. Nauliza kama ninachofanya kinabaki. Nikimsaidia mtu leo, kesho atanijua? Nikiiba, duka litanifungia? Na je, ina mwisho? Hadithi isiyotaka kuisha inataka kitu kingine kwako.

Kuna nyingine naitafuta bado, wanaoijua wanaisifu sana, inaitwa Disco Elysium, ya mwaka 2019, iliyotengenezwa na jamaa wa Estonia. Jina hilo mwanafunzi wa chuo Tanzania hataki kulisikia karibu na mitihani, kudisko si utani. Lakini nimesoma inavyokwenda nikaipenda kabla ya kuicheza. Wewe ni mpelelezi uliyeamka hujui hata jina lako, mapigano karibu hakuna, na ujuzi wako wa aina 24 ni sauti kichwani zinazobishana, moja inakushauri uombe radhi, nyingine inakwambia ropoka tu. Maneno yake yanafika kama milioni moja, yaliyoandikwa kwa Kiingereza. Hapo ndipo tunapobanwa. Mpira hauhitaji kamusi, RPG inahitaji. Nilicheza Undertale na kamusi pembeni, na nina uhakika utani mwingi ulinipita.

Ndiyo maana nilifurahi kuliko kawaida nilipoiona Tales of Kenzera: Zau, iliyotoka Aprili 2024. Anayeiongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, yule aliyekuwa sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017. Aliitengeneza kwa ajili ya msiba wa baba yake. Zau ni mganga kijana, kafiwa na baba, anafanya makubaliano na Kalunga, mungu wa kifo: nikuletee roho tatu kubwa, unirudishie baba. Na ukitaka unachagua sauti za Kiswahili. Laptopu yangu haiwezi kuibeba, niliitazama ikichezwa YouTube kwa bando la watu. Sitawadanganya, siyo RPG kamili, ni ya kuruka na kupigana zaidi, njia ni moja na Zau anaamua mwenyewe bila kukuuliza. Lakini kumsikia kijana anabishana na kifo kwa Kiswahili, siyo Kiswahili cha kutania bali cha msibani kabisa... nilisimamisha video nikatoka nje kidogo. Mwaka huohuo studio yake, Surgent, ilipunguza wafanyakazi, kisha wakasema wanatafuta fedha za kutengeneza RPG yenyewe kwenye ulimwengu uleule, wakiita Project Uso. Mwaka 2025 wakatoa gemu nyingine kwanza, ya kutisha, Dead Take. Mimi ile Uso ndiyo naisubiri. Fikiria Kalunga anakuuliza swali kwa Kiswahili, na jibu lako analikumbuka.

Rumeti kasoma hadi hapa kwa juu ya bega langu, anasema mbona hujasema kwamba kupanda levo kunaleta raha. Kunaleta raha, bwana. Unatoka mtu wa kupigwa na panya unakuwa mtu wa kuheshimika, nani hataki, hasa ukiwa na sapu? Sina ugomvi na hiyo raha. Ugomvi wangu ni pale inapouzwa peke yake, kwa kipande, kila alfajiri.

Mama nilimpigia wiki iliyopita nikamwambia ukweli wa ile elfu arobaini. Alinyamaza kidogo, nikasikia malori yanapita nyuma yake barabarani. Kisha akauliza kama nimekula.

Sapu ni Jumatatu saa tatu asubuhi. Chaja ya laptopu nimempa rumeti aifiche hadi nikitoka kwenye chumba cha mtihani, na amekataa katakata kuniambia iko wapi.