Uchumi unakua, lakini watu je? Watoto wafundishwe kuhesabu vyote viwili

Muulize mwanafunzi wa sekondari hapa Kolwezi maendeleo ni nini. Wengi watakutajia barabara ya lami, nyumba za ghorofa, na malori ya shaba yanayofuatana kuelekea Kasumbalesa. Yule wa komersiale atakupa maana mbili kwa Kifaransa, croissance na développement, kama alivyonakili ubaoni. Mwambie akuonyeshe tofauti hiyo kwenye avenyu yao, atanyamaza.

Simlaumu mtoto. Tangu azaliwe anasikia neno moja tu. Kompani ikizindua kiwanda, tunaambiwa ni maendeleo. Kartie ikichimbiwa kisima, ni maendeleo pia. Mkubwa akija na msafara wa magari kusema uchumi umekua, anashangiliwa kwa maendeleo. Mtoto atatenganishaje vitu ambavyo wazee wameviweka kwenye mfuko mmoja?

Kukua kwa uchumi ni hesabu ya ongezeko la thamani ya vitu na huduma zilizozalishwa ndani ya nchi kwa mwaka. Mwaka 2022 uchumi wa Kongo ulikua kwa zaidi ya 8%, na migodi ndiyo iliyousukuma zaidi. Nchi yetu peke yake inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, na sisi wa Lualaba tunajua inatoka wapi. Hesabu hiyo si ya uongo. Lakini inahesabu pia faida itakayokwenda kwa wenye hisa walio ng'ambo, na haiulizi ni nani aliyekula na nani aliyelala njaa.

Maendeleo ya watu yanauliza mambo mengine. Mwaka 1990 shirika la Umoja wa Mataifa, PNUD, lilitoa ripoti yake ya kwanza juu ya jambo hili, ikiongozwa na Mahbub ul Haq wa Pakistani, aliyesaidiwa na Amartya Sen wa India. Kipimo chao kinatazama mambo matatu: mtu anaishi miaka mingapi, anasoma miaka mingapi, na ana kipato gani. Katika ripoti ya mwaka 2024, Kongo ilikuwa ya 180 kati ya nchi 193. Na kwa hesabu za Benki ya Dunia, karibu watu watatu kati ya wanne nchini waliishi mwaka huo kwa chini ya dola 2.15 kwa siku.

Namba hizo mbili, 8% na nafasi ya 180, ni za nchi moja katika kipindi kilekile. Mwalimu akiziandika ubaoni moja kando ya nyingine, tayari ana somo la saa nzima.

Lakini asiishie ubaoni. Achukue maji. Mama akinunua bidoni ya lita 20 kwa mtu wa mkokoteni, biashara hiyo ni sehemu ya uchumi. Msichana akiamka saa kumi usiku kwenda kuteka kisimani, watu wa takwimu mara nyingi hawaoni kitu. Sasa bomba lifike kwenye lupango. Mama anaacha kununua bidoni, na matumizi yake ya fedha pengine yanashuka. Lakini msichana analala vizuri, anafika masomoni kwa wakati, na mdogo wake hapati tena kuhara. Mtoto wa miaka kumi na tano anaelewa jambo hilo kabla hujamaliza kulieleza, kwa sababu msichana huyo anaweza kuwa ni yeye mwenyewe.

Mwanafunzi ajue pia kwamba hata kipimo cha PNUD kina upofu wake. Elimu ya msingi bila malipo ilianza Septemba 2019, na watoto wengi walirudi darasani. Ni jambo jema, nami nalitetea. Lakini kipimo kinahesabu miaka ya kusoma. Hakioni darasa ambalo watoto wamebanana mpaka mwalimu hana pa kupita, wala hakijui kama aliyefika mwaka wa sita anasoma barua ya bibi yake.

Wengine watasema tunawafundisha watoto kuchukia kompani na kuipinga serikali. Hapana. Bila uchumi kukua, mshahara wa mwalimu utatoka wapi, na dawa za kituo cha afya? Swali ni fedha ikishaingia inafanya nini.

Na swali hilo linawahusu hasa watoto wetu. Kodi ya madini, ile iliyorekebishwa mwaka 2018, inasema 15% ya redevansi ya madini iende kwa komini, sekta au sheferi ambako mgodi upo, na 25% kwa jimbo. Tena inalazimisha kompani kutoa angalau 0.3% ya mauzo yake kwa miradi ya wananchi wanaoishi karibu nayo, na kutia sahihi kitabu cha ahadi pamoja nao. Baada ya miaka michache, wanaokaa mezani kujadili ahadi hizo watakuwa hawa walio darasani leo. Kama wanadhani maendeleo ni jengo zuri tu, wataomba jengo zuri, watapewa, watapigwa picha. Jengo bila muuguzi, bila maji, bila dawa.

Kwa hiyo natoa ombi kwa walimu wa uchumi na wa uraia hapa Dilala na Manika. Wapeni wanafunzi daftari na wiki moja. Kila mmoja ahesabu kwenye avenyu yake: nyumba ngapi zina maji, ni dakika ngapi kwa mguu hadi kituo cha afya, watoto wangapi wa umri wa masomo wako machimboni au sokoni asubuhi. Hakuna gharama, ni kalamu tu. Kisha waalikeni bourgmestre na mtu wa kompani waje darasani kusikiliza majibu, na watoto wawe wa kwanza kuuliza.