Bei ya Kalamu Si Bei ya Wino

Ukiona vyaelea vimeundwa. Sisi watu wa Pwani maana yake twaijua, kwani hapana mtu atakayeuthamini mlango wa Lamu kwa kuhesabu mbao na misumari peke yake. Nakshi ina siku zake, na mkono una miaka yake. Lakini hekima hiyo naiona ikipotea miongoni mwa vijana wachorao, watafsirio na wapigao picha, ambao siku hizi huuza kazi zao kwa mtandao.

Huku Kitale niishiko, na Bungoma niendako mara kwa mara, vijana hao ni wengi. Mahindi ya Trans Nzoia hupimwa sokoni kwa gorogoro, na bei ya gorogoro kila mtu huijua. Nembo ya duka haina gorogoro. Basi kijana humtazama aliye rahisi kuliko wote, akashuka chini yake kidogo, akaita hiyo bei. Mimi nasema hiyo si bei, ni kujitafutia njaa.

Na tufanye hesabu. Soko la Fiverr, lililoanza mwaka 2010 kwa kazi za dola 5, humkata mfanyakazi asilimia 20. Dola 5 huwa 4. Tukihesabu dola kwa shilingi 130, ni shilingi 520. Ikiwa nembo imemchukua siku mbili, amepata shilingi 260 kwa siku, na bado hajalipia umeme wala bando.

Hesabu ya haki huanzia nyumbani. Tuseme kijana ahitaji shilingi 36,000 kwa mwezi, pamoja na akiba ya kununua kompyuta nyingine. Siku zenye malipo tuzifanye 18, maana zilizobaki huishia katika kutafuta wateja. Basi siku moja ni shilingi 2,000, na nembo ya siku mbili ni 4,000. Ili zimfikie 4,000 baada ya dalali kuchukua fungu lake, hana budi kutaja 5,000.

Atauliza mtu: mgeni asiyejulikana atalipwa na nani kiasi hicho? Swali hilo ni la haki. Jawabu langu ni kwamba apunguze kazi, asipunguze bei. Mwenye fedha kidogo apewe mchoro mmoja badala ya mitatu, na arekebishiwe mara moja, si mara zisizo na mwisho.

Mteja wa karibu naye ana mambo yake. Agosti ya kila mwaka wa pili, Wabukusu wa Bungoma watahiripo vijana wao, wapiga picha huitwa huku na huku, na ahadi za "tutaonana baadaye" huwa nyingi. Arubuni ipokewe kwanza. Tena ikumbukwe kwamba Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huihesabu kazi iliyoagizwa kuwa mali ya aliyeiagiza, ila mkipatana vingine. Kwa hiyo auzaye mchoro aghalabu huuza na haki yake, naye yampasa ailipishe.

Wanazuoni wetu wa fiqhi wameshurutisha ujira ujulikane kabla ya kazi. Kutaja bei mapema, basi, si ukali wala tamaa; ni kuziba mlango wa ugomvi. Kijana asiyeweza kuitaja kazi yake kwa thamani yake, asitaraji mteja amtajie.